Kipimo Kabla ya Mchango

Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni, na nafsi yangu kwanza, tumche Mwenyezi Mungu.

Katika Suratul Israa, aya ya 36, Allah anatukataza kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo, na anatukumbusha kuwa tutaulizwa juu ya masikio, macho na nyoyo zetu. Leo naipeleka aya hiyo kwenye jambo moja: michango ya kuwapandikizia watoto viziwi kifaa cha usikivu.

Tangu Hospitali ya Muhimbili ianze upasuaji huo mwaka 2017, matumaini yamekua, alhamdulillah. Mzazi akisimama baada ya swala, mfuko unapitishwa na watu wanauliza, “Bado kiasi gani?” Swali la kwanza lingepaswa kuwa: je, mshipa wa kusikia upo?

Kifaa hiki hakiponyi sikio. Nyaya nyembamba huingizwa ndani ya koklea, kwenye sikio la ndani, ziuchokoze kwa umeme mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo. Wapo watoto waliozaliwa na mshipa huo mwembamba mno, na wengine hawana kabisa. Kuwawekea kifaa bila kuchunguza ni kufunga mita mpya ya umeme ya Luku katika nyumba ambayo hujui kama imevutiwa waya kutoka nguzoni.

Uchunguzi wenyewe ni picha ya MRI, ambapo daktari huitafuta mishipa minne inayopita pamoja: wa uso, miwili ya mizani ya mwili, na huu wa kusikia. CT-Scan huonyesha tundu la mfupa unamopita mshipa. Likiwa finyu, shaka huongezeka. Hata hivyo picha haitoi hukumu peke yake. Wapo watoto ambao mshipa wao haukuonekana, na bado walipowekewa kifaa walipata sauti. Ndiyo maana hupimwa pia jinsi mtoto anavyoitikia sauti, na jinsi mshipa na shina la ubongo vinavyojibu.

Akina mama, mnisikilize hapa. Kuna kipimo cha watoto wachanga kinachopokea mwangwi wa koklea tu. Mtoto asiye na mshipa anaweza kukifaulu, kwa kuwa koklea yake inafanya kazi. Ukiona mwanao hageuki unapomwita, usikubali kunyamazishwa na karatasi ya majibu hayo.

Ikithibitika mshipa haupo, ipo njia nyingine: kifaa kinachowekwa kwenye shina la ubongo lenyewe. Daktari William House na wenzake walikianza Los Angeles mwaka 1979, kwa mgonjwa mwenye uvimbe kwenye mishipa ya kusikia. Baadaye daktari Vittorio Colletti, huko Verona, Italia, akawawekea watoto waliozaliwa bila mshipa. Ni upasuaji wa kufungua fuvu. Wengi hupata sauti za kuwasaidia kusoma midomo, wachache hufikia mazungumzo. Mzazi ayajue haya kabla hajatia saini.

Wengine husema wameshaswali istikhara. Vyema, lakini istikhara huswaliwa kwa jambo ambalo mtu amekwisha kulichunguza. Haishiki nafasi ya MRI.

Na fedha za mchango ni amana. Kamati ya msikiti inisikie: fungu la kwanza liwe la vipimo, na litangazwe hivyo hadharani. Mzazi aliyekwisha kuchangiwa mamilioni huona haya kurudi kwetu kusema madaktari wameshauri mtoto asipasuliwe, na haya hiyo inaweza kumsukuma mtoto kwenye kisu bure. Tusiwe sisi wasukumaji.

Wakati majibu yanasubiriwa, baba na mama waanze kujifunza Lugha ya Alama ya Tanzania. Miaka ya mwanzo ya mtoto ndiyo ya kushika lugha, na haingoji foleni ya hospitali. Mtoto huyu naye akibaleghe atahitaji kumjua Mola wake na kuijua swala yake, awe na kifaa au asiwe nacho, na wa kumfundisha ni nyinyi mnaokaa naye nyumbani.