Nilikimbia kwa Ajili ya Nani?

Somo: Yohana 9:1–3, Wagalatia 6:2–5



Mwisho wa Februari nilikimbia kilomita 10 hapa Nairobi kuchangia familia zenye watoto walio na magonjwa adimu. Siku ya mwisho ya Februari ndiyo siku ya magonjwa hayo duniani. Ilianza mwaka wa 2008, tarehe 29, ile tarehe adimu inayokuja mara moja kwa miaka minne. Nililipa shilingi 1,500, nikapewa tisheti na namba, nikafika karibu wa mwisho huku magoti yananiuma vibaya. Watoto wetu wa shule ya Jumapili walinipita wakicheka. Jumapili iliyofuata mkanipigia makofi, na makofi hayo hayakuniingia vizuri. Wacha niseme kwa nini.

Kwanza, mtoto mgonjwa anafaidika nini mimi nikitoka jasho? Hizo 1,500 ningezituma kwa M-Pesa nikiwa nyumbani na chai yangu. Tena tisheti, maji ya chupa na ambulensi vinalipiwa na nani kama si mchango wenyewe? Na Bwana alitufundisha, Mathayo 6, tutoe kwa siri. Mimi nilitoa nikiwa na maandishi mgongoni.

Pili, na hili ndilo zito, kuna dada kati yetu ambaye kijana wake ana ugonjwa wa Duchenne. Unatamkwa Dushen, jina la daktari Mfaransa aliyeueleza miaka ya 1860. Misuli ya mtoto inakosa protini inayoilinda, basi inaharibika polepole. Huwapata hasa wavulana, mmoja kati ya 3,500 hadi 5,000 hivi. Anaanza kuanguka-anguka, anashindwa ngazi, akiinuka sakafuni anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake. Wengi wanapofika miaka 12 hivi wako kwenye kiti cha magurudumu. Zipo dawa za kupunguza kasi, lakini hazirudishi misuli iliyokwenda.

Ruhusa ya kuandika haya amenipa mwenyewe. Kijana alipokuwa na miaka tisa tulikwenda kwake kuomba, tukafunga siku tatu. Hakuinuka. Nami, mzee wa kanisa, nikamwambia, “Dada, chunguza nyumbani kwenu, kuna mlango gani mlifungua?” Nilidhani nasema kwa Roho. Neno hilo lilifika kwa wakwe zake kabla ya wiki kwisha, nao wakalishika: hata kanisa lake limesema shida ni yeye.

Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba jeni ya ugonjwa huu mara nyingi hupitia kwa mama, ambaye mwenyewe ni mzima na hana habari. Lakini karibu theluthi moja ya watoto hawakuipata kwa mama. Imetokea upya kwao tu. Kwa vyovyote vile hakuna mlango aliofungua mtu. Nami Yohana 9 nilikuwa nimeihubiri zaidi ya mara moja! Wanafunzi waliuliza nani alikosa, kipofu au wazazi wake, na Yesu akakataa yote mawili. Nilikuwa nimesimama upande wa wanafunzi na Biblia mkononi. Bado naamini Mungu anaponya, na bado namwombea kijana huyu. Kuamini hivyo hakukunipa ruhusa ya kutafuta wa kulaumiwa.

Sasa turudi uwanjani. Yule dada alikuwepo, na kijana kwenye kiti, sasa ana miaka 13. Nilimwona akiongea na mama mwingine aliyetoka mbali, wakionyeshana kwa mikono jinsi ya kumgeuza kijana usiku asiamke. Walikuwa hawajawahi kuonana. Ugonjwa ukiwa adimu unaweza kulea mtoto miaka kumi na usikutane na mzazi hata mmoja anayejua unachosema. Hapo swali langu la kwanza likapata jibu, nusu yake. Ningetuma pesa kwa siri, sawa, lakini siri yangu isingewakutanisha hawa wawili. Kelele za siku ile zilikuwa na maana kwao. Kosa ni mimi kudhani zilikuwa zangu.

Nilimwendea nikamwomba msamaha, jasho likinitiririka. Akaniangalia kwa muda.

“Mzee, mimi nimekusamehe zamani. Kamwambie mama mkwe wangu.”

Kisha akaniuliza, “Na Jumanne asubuhi uko?”

Jumanne ni siku ya mazoezi ya viungo. Makanga wengine wakiona kiti cha magurudumu wanasema gari limejaa, na kwao ni ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Kijana amekuwa mzito. Paulo katika Wagalatia 6 anataja mzigo mara mbili, lakini kwa Kigiriki ni maneno mawili. Mstari wa 5 ni phortion, furushi la mtu mwenyewe, neno lile lile Bwana alilolitumia Mathayo 11:30 akisema mzigo wake ni mwepesi. Mstari wa 2 ni baros, uzito unaolemea. Miaka hii yote tulimwachia huyu dada baros tukidhani ni furushi lake. Pesa za mbio zinanunua dawa, ni kweli, na dawa ni ghali. Ngazi hazijui paybill.

Nimekwenda Jumanne tatu. Ya nne nilichelewa, nikamkuta ameshamteremsha peke yake mpaka steji, na mkono umemteguka. Tunahitaji wanaume wawili, saa kumi na mbili asubuhi. Mwone katibu wa kanisa au mimi baada ya ibada.

Mama mkwe anaishi Bungoma. Bado sijakwenda. Tiketi ya basi nimekata, ya Jumamosi ijayo.