Mgongo wa Mbeba Viroba
Ndugu yangu mmoja alibeba viroba vya mawe kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Nyarugusu, Geita, tangu ana miaka 20. Kiroba kikijaa kinafika kilo 50, na kazi yenyewe ni kukitoa mdomoni mwa duara hadi kwenye karasha, mashine ya kuponda mawe, kutwa. Mgongo ulipoanza kumuuma, akawa anameza diklofenaki asubuhi na kurudi kazini. Vidonge hivyo nilikuwa nikimtumia mimi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kidonge hakikumponya. Kilimnyamazisha mgongo uliokuwa ukimwambia tua, naye akazidi kubeba. Tena kwa mtu anayetoka jasho juani na maji hanywi ya kutosha, dawa ile inaweza kuumiza figo, achilia mbali tumbo.

Siku moja aliinama kuinua kiroba, hakunyanyuka. Wenzake, kwa nia njema, walimlaza kifudifudi, mmoja akapanda kumkanyaga kiuno. Usiku ule mguu wa kushoto uliwaka moto hadi unyayoni.

Tukamleta nyumbani Kahama. Jirani yetu, nesi mstaafu, hakumgusa kwanza, aliuliza. "Ngosha, mkojo unatoka vizuri? Katikati ya mapaja kuna ganzi?"

"Mkojo unatoka, mayu. Ganzi hapo hakuna."

Akashusha pumzi. Majibu yangekuwa mengine, alisema, tungekwenda hospitali usiku uleule, maana mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo ikibanwa, kuchelewa kunaweza kumwachia mtu ulemavu.

Ndipo akamlaza chali mkekani, miguu kuanzia magotini ikiegemea juu ya gunia la mahindi, kama aliyekaa kwenye kiti kilichoangushwa nyuma. Mkono tumboni. Vuta hewa kwa pua mpaka mkono upande, kisha itoe polepole kwa mdomo kama anayepoza uji, muda mrefu kuliko wa kuvuta. Dakika 10 hivi, na maumivu yakizidi, acha. Usiku alale ubavu, kanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Kuamka, ageuke ubavu kwanza, ajisukume kwa mikono. Lakini kulala kutwa alimkataza kabisa: kila baada ya muda atembee hadi kwenye mwembe na kurudi, misuli isilegee.

Wiki ya sita alifika sokoni kwa miguu. Viroba habebi tena. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kina ganzi hadi sasa.

Mdogo wetu naye akaenda Nyarugusu. Juzi alinipigia kuomba nimtumie vidonge vya mgongo. Nilimtumia nauli, nikautoa mkeka nje kuukung'uta.