Aliyekuwemo

Mwezi uliopita mwanafunzi wa uzamili alitetea tasnifu yake kuhusu wanawake wanaopatanisha wafugaji na wakulima, akaamriwa aifute sura nzima. Kosa lake ni kwamba alikuwa mmoja wao: alikesha nao barazani kwa chifu usiku ule wazee walipokubali kusimamisha mapigano. "Wewe si mtafiti, ni mwanaharakati," mtahini mmoja alimwambia, na wenzake wakaafiki. Nilikuwa ukumbini. Hasira haijanitoka.

Fasili zisitucheleweshe. Ukweli wa kitaaluma ni kauli inayokubali kuhojiwa kwa ushahidi, hapo hatugombani.

Kinachonichoma ni dai kwamba aliyekuwemo haoni. Mbona Thucydides, aliyekuwa jemadari wa Athens katika vita vilevile alivyoviandika, anaheshimiwa kama mmoja wa wanahistoria wakubwa? Churchill aliandika juzuu sita za Vita vya Pili vya Dunia, ambamo yeye mwenyewe aliiongoza Uingereza, na mwaka 1953 akatunukiwa Nobeli ya Fasihi. Jenerali akisimulia vita vyake huitwa bingwa. Mwanamke akiandika amani aliyoihangaikia, ghafla amekaribia mno.

Lakini aliyekuwemo huona: mwanasosholojia Sasha Roseneil aliishi katika kambi ya amani iliyokuwa nje ya kituo cha jeshi cha Greenham Common, Uingereza, akiwa kijana, na mwaka 1995 akachapisha Disarming Patriarchy kuhusu kambi hiyo. Wanawake waliianzisha Septemba 1981, baada ya kutembea kutoka Cardiff kupinga makombora ya nyuklia ya Marekani. Waliowatazama kwa mbali waliona akina mama wapole, au wachafu waliotelekeza familia. Ndani kulikuwa na mabishano: kila lango na desturi zake, huyu amekuja kwa ajili ya wanawe, yule hataki hata kusikia kwamba mwanamke hupenda amani kwa kuwa ni mzazi. Hayo utayajuaje kama hukuota nao moto?

Na uzio ule wa kituo! Sichoki kuusoma. Tarehe 12 Desemba 1982 wanawake wapatao 30,000 waliuzunguka wakishikana mikono, wakaufungia picha, nguo za watoto na nyuzi za sufu, hadi seng'enge ya jeshi ikawa kumbukumbu ya ukoo. Alfajiri ya 1 Januari 1983, wanawake 44 waliupanda kwa ngazi, wakacheza juu ya maghala ya makombora yaliyokuwa yakijengwa.

Kwamba kumbukumbu huchagua, na rafiki humhoji rafiki kwa upole, ni hoja za haki, na dawa yake ni mwandishi kutaja wazi alisimama wapi.

Bado kuna jambo linanishinda. Mwaka 1987 ugomvi mkali uliigawa kambi, na aliyekuwemo hakosi kuwa na upande. Anawezaje kumtendea haki, kwenye karatasi, mwenzake waliyekosana naye? Mgeni angekuwa na utulivu wa kufanya hivyo, ila asingejua hasa walichokosania, na waliokosana si lazima wamwambie.