Mwaka Ulioandikwa Kaburini



Katika magofu ya Gede, kaunti ya Kilifi, lipo kaburi la kale lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Lina maandishi ya Kiarabu yenye mwaka: 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Karibu yake yapo makaburi yenye minara, ujenzi ambao wazee wetu wa pwani waliuenzi kutoka Somalia hadi Tanzania. Mengine walikuwa wakiyapamba kwa mabakuli ya kaure yaliyovuka bahari kutoka China.

Gede ulikuwa mji wa misikiti, visima na nyumba za mawe. Karne ya 17 watu walikuwa wameuhama, na msitu ukaufunika. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka 1948, mwaka ule uliochongwa kaburini ukawa msaada mkubwa katika kuukadiria umri wa mji. Mkono wa fundi mmoja ulitutunzia historia.

Ndugu yangu, mangapi tunayaacha yapotee? Makaburi ya babu zetu yamemezwa na magugu, na wanaojua nani amelala wapi wanazidi kupungua. Wiki hii, mwendee mzee wa ukoo wenu. Muulize majina, uyaandike daftarini, kisha waite vijana mkafyeke makaburini pamoja. Mwacha asili ni mtumwa.