Kondoo na Maji Yaliyotibuliwa
(Ezekieli 34:17–19)



Tusomapo sura hii twapenda kusikia wachungaji wabaya wakikemewa. Nasi tulio wachungaji twainamisha vichwa, nayo ni haki. Lakini katika mistari hii Bwana awageukia kondoo wenyewe. Wamekunywa maji safi wakashiba, kisha yaliyosalia wameyatibua kwa miguu, na wadhaifu wafikao nyuma hawana budi kuyanywa hayo.

Maji yaliyotibuliwa kwa miguu huonekana kwa macho. Uko na uchafu usioonekana. Katika nchi ya Ujerumani, walikotoka wengi wa wamisheni wa kwanza waliotuletea Injili, wakulima wa mahindi walitumia miaka mingi dawa ya kuua magugu iitwayo atrazini. Dawa hiyo haishikamani sana na udongo; mvua huishusha polepole hata kwenye maji ya chini ya ardhi, na huko, penye giza na baridi, haiishi upesi. Ilipigwa marufuku mwaka 1991. Mahindi ya wakati ule yalikwisha kuliwa zamani, na baadhi yao walioipulizia wamelala makaburini, lakini wapimaji wa maji waliendelea kuikuta, yenyewe na mabaki yake, kwa miaka zaidi ya 20. Sheria ya Ulaya yaweka mpaka katika maji ya kunywa: gramu 1 ya dawa kama hiyo katika lita milioni 10, isizidi. Tazameni jinsi kidogo kinavyotosha kuharibu!

Hatusemi haya kumhukumu mjane asiye na mtoto wa kumsaidia palizi. Jembe lavunja mgongo, twajua. Lakini dawa za magugu zauzwa sasa hata katika maduka ya vijijini mwetu, na wanunuzi ni Wakristo wetu. Nasi tumeona bomba la kupulizia likisuuzwa kando ya kisima, kwa kuwa hapo maji yapo karibu. Na aliyelisuuza akajaza ndoo yake, akaenda zake kwa amani. Wengine hujibu, "Tutachemsha." Kuchemsha huua vijidudu vya maradhi; sumu ya namna hii hakuiondoi.

Katekisimo yatufundisha kwamba amri ya tano haimhusu mwenye panga peke yake, bali yataka tusimdhuru jirani mwilini mwake kwa njia yo yote. Na jirani huyo huenda hajazaliwa bado.

Basi, waalimu na wazee, semeni na watu kabla ya mvua za kupandia. Dawa ichanganywe mbali na kisima. Kipimo kilichoandikwa juu ya chupa kisizidishwe. Maji ya kusuuzia bomba yapuliziwe katika shamba lile lile. Tena Jumapili ijayo, baada ya ibada, nendeni pamoja mpaka kisima cha usharika, mkahesabu ni hatua ngapi toka hapo hata mahali mabomba yanaposuuzwa.