Mafuta haya yalipikwa na nani?

Zamani kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira kwenda Baraka na Fizi, mtoto alipozaliwa bibi yake ndiye alimpakaa mafuta. Mara nyingi yalikuwa mafuta ya mise, yale yanayotoka ndani ya kokwa la ngazi. Kokwa linapasuliwa, kiini kinakaangwa mpaka kinakuwa cheusi, kiisha mafuta yanatoka na harufu yake ya moshi. Mgeni akiuliza, "Mafuta haya yalipikwa na nani?", alipewa jina: ni ya mama fulani, kule karibu na mto. Mtoto akitoka vipele, watu walijua mlango wa kugonga.

Ninaanza na ulizo lile kwa sababu leo tumelisahau. Tunajipakaa vitu ambavyo hatujui aliyevipika wala kilichomo. Je, hilo ni jambo la afya tu, ama ni jambo la wajibu pia? Mimi nasema ni la wajibu, na naomba ndugu msomaji anifuate polepole.

Miaka michache iliyopita, muke wa mudogo wangu alizaa kwa kupasuliwa. Siku zikapita, kidonda kikakataa kufunga. Nyuzi hazikushika, ngozi ilikuwa kama karatasi iliyolowana. Muuguzi mmoja mzee akamwangalia uso mweupe na viungo vya vidole vilivyobaki vyeusi, akauliza bila kumkemea: "Mama, unajipakaaka nini?" Akatoa pomadi yake katika sakosi. Kwenye etiketi kulikuwa maneno mawili: "Clobetasol propionate". Ile si mafuta ya urembo. Ni dawa kali ya jamii ya kortizoni, ambayo daktari anaiandika kwa magonjwa fulani ya ngozi, mahali padogo, kwa muda mfupi. Ukiipakaa mwili mzima kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inatoka mistari, na vidonda vinachelewa kupona. Dada yetu huyu anasoma Kifaransa kuliko mimi. Maneno yale alikuwa anayaona kila asubuhi. Lakini hakuna mtu aliyemwambia kwamba njo jibu la ulizo la zamani.

Kusoma etiketi si uchawi. Katika nchi nyingi kanuni ni moja: vitu vinaandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kinatangulia, vile visivyofika 1 kwa 100 vinaweza kuja mwishoni bila mpango. Karibu kila kreme inaanza na "Aqua": ni maji tu. "Parfum" ni manukato. "Petrolatum" ni vazelini. Sasa shika sabuni. "Sodium palmate" ni mawese yaliyopikwa na soda kali. "Sodium palm kernelate" je? Ni mafuta ya mise, yale yale ya bibi! Mwaka 1911 kampuni ya Mwingereza William Lever ilipewa maeneo makubwa ya michikichi hapa Kongo, na Wakongo wengi walilazimishwa kukata ngazi ili viwanda vya sabuni vya Ulaya vipate mafuta. Hivyo mafuta yetu yalisafiri, yakabadilisha jina, yakarudi katika karatasi nzuri. Na sisi tukaanza kuona haya kwa harufu ya yale yaliyobaki nyumbani.

Lakini kuna majina mengine ambayo si ya kucheka nayo. "Hydroquinone" inazuia ngozi isitengeneze rangi yake. Ukiitumia muda mrefu, inaweza kuleta madoa meusi ya kibuluu, magumu kuondoka. Umoja wa Ulaya uliikataza katika kreme za kujichubua tangu mwaka 2001. Zebaki inaandikwa "Mercury", "Calomel" ama "Mercuric iodide", na mara nyingi haiandikwi kabisa. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliamua kwamba baada ya mwaka 2020 kreme yenye zebaki kupita sehemu 1 katika milioni isitengenezwe tena wala kuvushwa mipaka; mwaka 2023 nchi zikakubaliana kuondoa hata nafasi ile ndogo, mwisho ukiwa mwaka 2025. Lakini mkataba hauketi sokoni kulinda meza ya mama anayeuza.

Kuna wanaosema: "Ngozi ni yangu, inakuhusu nini?" Ni neno lenye nguvu, tusilidharau. Lakini tuangalie mila zetu. Ngozi ya mtu inapakaliwa na bibi siku za kuzaliwa, na mashangazi siku za ndoa, na ndugu siku ya kuzikwa. Haijapata kuwa ya mtu peke yake. Na zebaki yenyewe inashuhudia hivyo: inapita kwa mimba, inapita katika maziwa ya mama, na mvuke wake unafikia hata wale wanaolala nyumba moja.

Kiisha, kama ngozi si ya mtu peke yake, kosa nalo si la mtu peke yake. Bamama wanaojichubua tunawacheka, lakini nani aliwaambia kwamba weupe ni uzuri? Pomadi ile, mudogo wangu ndiye alikuwa anainunua. Na mimi mwenyewe, siku ya arusi yao, nilisimama mbele ya watu nikamsifu bibi arusi kwa kung'aa kwake. Watu walipiga makofi. Nilipomwona kitandani na kidonda chake, nilikumbuka makofi yale.

Sisemi turudie mise na kutupa vya dukani. Hata cha kienyeji kinaweza kudhuru. Muulize aliyejipakaa limau kiisha akaenda juani. Zamani mafuta yalikuwa na mtu wa kuyajibia, hiyo njo tofauti. Leo etiketi ndiyo jibu lake. Chupa isiyo na orodha ni kama mtu anayekataa kutaja ukoo wake: usimkaribishe mpaka chumbani. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Dada yetu alipona, ingawa ilichukua wiki nyingi. Mtoto wake sasa yuko shuleni. Mara anampakaa mise, mara pomadi ya duka. Lakini kabla ya kulipa anageuza chupa, anasoma, na neno asilolijua anauliza. Ulizo ni lile lile la bibi, na sisi wote tuwafundishe watoto wetu kuliuliza bila haya.