Subira Yahitaji Maarifa

Katika Sura Al-Kahf, Kurani Tukufu yatusimulia jinsi Nabii Musa a.s. alivyomfuata mja mmoja wa Mwenyezi Mungu ili apate kufundishwa. Sisi Waahmadiyya twafahamu ya kuwa safari ile ilikuwa kashfi, na maana zake ni nyingi. Leo nataka moja tu. Mwalimu yule alimwambia Musa tangu mwanzo kwamba hataweza kusubiri pamoja naye. Wala hakutaja upungufu wa imani. Alitaja kwamba mtu hawezi kulivumilia jambo asilokuwa na habari nalo. Ikiwa Nabii mkubwa aliambiwa hivyo, je, tutamlaumu mama wa shambani anayelazwa peke yake chini ya mashine ambayo hajapata kuiona maishani mwake?

Mimi niliwahi kumlaumu. Nilipokuwa mubalighi Afrika ya Mashariki, kabla ya kutumwa ng'ambo kufundisha, mama mmoja wa Jumuiya yetu alitoka bara kuja mjini kutibiwa kwa mionzi saratani ya mlango wa kizazi. Nilimzuru mara moja, katika wiki ya kwanza. Nikaomba dua, nikamwambia, "Vumilia, mama, Mungu atakulipa." Akajibu, "Nimesikia, sheikh," akanyamaza. Nikaenda zangu. Katika wiki ya tatu nikaletewa habari kwamba ameacha tiba, amerudi kwao. Nikasema mbele za watu kwamba imani yake ilikuwa haba. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa neno lile.

Tulikuja kujua baadaye yaliyompata. Alikuwa akiharisha, amechoka hata kusimama ni kazi, na ngozi ya nyonga imekuwa nyeusi. Jirani wa kitanda akamwambia kwamba sasa amebeba moto mwilini, na mtoto atakayemgusa ataungua. Basi huko kwao akawa analala katika chumba cha uani, anakula katika sahani yake peke yake, na mjukuu wake akikimbilia kwake humfukuza kwa fimbo.

Maneno machache ya kweli yangalitosha. Mionzi itokayo katika mashine ya nje haimfanyi mgonjwa kuwa chombo cha mionzi. Mashine ikizimwa hakuna kinachobaki cha kumdhuru mtoto wala mwenye mimba. (Mtu aliyemezeshwa dawa yenye mionzi, kama iodini kwa saratani ya tezi ya shingo, habari yake ni nyingine, naye hupewa masharti yake kwa siku maalumu.) Mwale wenyewe hauumi, na kazi ya kila siku ni ya dakika chache. Uchovu na ngozi kubadilika huja baada ya wiki mbili au tatu, si kwa sababu tiba imeshindwa, bali kwa kuwa chembe nzima za mwili nazo zimeguswa. Ndiyo maana kipimo hugawanywa vipande vidogo, mara nyingi 25 kwa ugonjwa kama wa mama yule, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5, ili chembe nzima zipate nafasi ya kujitengeneza, kisha hufuata mionzi ya ndani. Yote yatakiwa kumalizika katika wiki 8. Mabingwa wamekadiria kwamba kila siku inayozidi hapo yaweza kupunguza matumaini ya kuudhibiti ugonjwa kwa karibu asilimia 1. Hivyo anayekimbia katika wiki ya tatu hukimbia wakati ule hasa ambapo siku zina thamani.

Aliyemrudisha hakuwa mimi. Alikuwa mama wa Lajna Imaillah aliyemaliza tiba ya namna hiyo miaka miwili kabla. Alipanda basi akamfuata. Hakumhubiria. Alimwuliza, "Kwako kuharisha kulianza siku ya ngapi? Kwangu ilikuwa ya 12." Wakahesabu pamoja. Kisha akamwita yule mjukuu, akampakata kwanza yeye, akamweka mapajani mwa bibi yake. Kesho yake wakasafiri wote wawili.

Siku 11 zilikuwa zimepotea. Alimaliza tiba, akaishi miaka mitatu, ndipo ugonjwa ukarejea. Innaa lillahi wa innaa ilaihi rajiun.

Mtukufu Mtume s.a.w. ametufahamisha kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwuliza mwanadamu kwa nini hakumzuru alipougua, na atakaposhangaa ataambiwa kuwa mja fulani aliugua, na kama angalimwendea angalimkuta Mola wake kwake. Nilidhani nimeitimiza hadithi hiyo kwa kufika kitandani. Lakini mama yule alikuwa na swali, nami nilitoka kabla hajaliuliza.

Wanaohudumu penye mashine nao ni binadamu. Daktari kijana au mtumishi wa mionzi huwaona kila asubuhi watu waliochelewa kuja, na wengine huwazoea kisha huwazika. Akiwa hana mkubwa wa kazi wa kumwambia, "Mimi nami nililia nyumbani," hujifanya jiwe. Na jiwe halielezi mgonjwa kitu. Wazee wa kazi wawalee vijana hao kwa habari za makosa yao wenyewe, si kwa vitabu tu.

Huko Tanzania, kwa miaka mingi tiba hii ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake, kisha ikaanza na Bugando, Mwanza. Kwa hiyo wengi hulala mbali na kwao wiki nyingi. Kila tawi letu lijue ni nani kati ya ndugu zetu wamepita njia hiyo na wako radhi kumsindikiza mwingine, mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume. Aende naye siku ya kwanza, arudi tena wiki ya tatu bila kuitwa. Nauli itoke kwetu. Na sisi masheikh, tukifika kitandani, tukae kwanza, tuulize mgonjwa ameambiwa nini na nani, kisha ndipo tuinue mikono kuomba dua.